Umeshindwa? Nipe Mji

(Mazungumzo ya redio ya juma hili, kama yalivyosomwa hewani)



Juma hili sina siasa wala bei ya mafuta. Nataka tuzungumze juu ya kile kisanduku cha miraba myeusi na myeupe kinachokaa kwenye kurasa za ndani za gazeti, jirani na matangazo ya vifo na habari za mpira. Wengine hukiita chemsha bongo, wengine fumbo la maneno. Wapo watu wazima na akili zao ambao hununua gazeti kwa ajili yake tu, wakalifungua kwa nyuma kama mtu anayeingia nyumbani kwa mlango wa uani. Na wapo wanaosema kwamba huo ni upuuzi wa watu wasio na kazi.

Lawama hiyo si ngeni. Fumbo la kwanza la aina hii lilitungwa na Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool aliyehamia Marekani, likachapwa katika gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913. Miaka kumi na mmoja baadaye mchezo ulikuwa umewashika Wamarekani kiasi kwamba gazeti kubwa la New York Times liliukemea mwaka 1924 na kuuita upotevu wa muda wenye dhambi ndani yake. Basi ngoja. Februari 1942, Marekani ikiwa imeingia vitani miezi miwili tu nyuma na watu wakihitaji cha kuwatuliza, gazeti hilo hilo likaanza kuchapa fumbo lake. Nalichapa hadi leo. Wahariri nasi hatubadiliki haraka, lakini tunabadilika.

Mimi sina ugomvi na wanaojaza mafumbo. Ninachotaka kuuliza ni namna wanavyoyajaza. Maana nimeona watu wawili wakijaza fumbo moja, siku moja, kijiji kimoja. Mmoja likampa furaha, mwingine likamnyima usingizi.

Kwetu ni Hanga, mkoani Ruvuma. Siku hizi tuko Wilaya ya Namtumbo, ila sisi tuliokua kabla ya mwaka 2002, wilaya hiyo ilipokuwa haijazaliwa, ulimi bado unatuteleza tukajiita watu wa Songea. Kutoka Dar es Salaam hadi Songea ni zaidi ya kilometa 900, na hapo bado hujafika kwetu. Gazeti hupanda basi kama abiria, likapita Iringa na Njombe, na likifika Hanga habari zake zimekwisha kusikika redioni. (Kwa sisi watu wa redio hilo si jambo la kulalamikia.) Mechi imeshachezwa, waziri ameshahamishwa. Kitu pekee ndani yake ambacho hakijachacha ni fumbo la maneno. Fumbo la juzi ni jipya kwa mtu ambaye hajalijaza.

Nilipokuwa likizo huko niliwakuta wajazaji wawili.

Wa kwanza ni mwalimu mstaafu aliyenifundisha darasa la tano. Nitamwita Mwalimu, kama kijiji kizima kinavyomwita. Yeye hujaza kwa kalamu ya wino, peke yake, chini ya mwembe. Huanza namba moja kulia, akaenda namba inayofuata, bila kuruka. Kamusi hairuhusiwi, na kuuliza mtu hakuruhusiwi pia. Akimaliza hukunja gazeti na kuandika juu yake saa aliyomaliza. Asipomaliza haandiki kitu.

Wa pili ni fundi cherehani mwenye kibaraza karibu na kituo cha mabasi. Gazeti ni moja tu na ni la Mwalimu, kwa hiyo Fundi huazima kwa robo saa, akanakili miraba yote kwenye karatasi ya kaki kwa rula ile ile anayopimia suruali. Hujaza kwa penseli. Huanza na rahisi popote lilipo, akaruka huku na huko kama kuku kwenye uwanja wa mahindi. Akikwama humuuliza mteja wa kwanza atakayeingia. Nimemsikia akimwambia mama mmoja, "Shikamoo mama, kipimo cha kiuno chako nimekipata, sasa nipe mdudu mwenye herufi tano anayekula mbao." Mama akasema mchwa. Fundi akahesabu kwa vidole, akashukuru, akaandika.

Mwalimu hakuipenda njia hiyo hata kidogo. "Fundi," alimwambia mbele yangu, "hilo si fumbo, hiyo ni harambee." Fundi akajibu kwa adabu, bila kuinua mguu kwenye cherehani: "Kweli Mwalimu. Na lako si fumbo, ni mtihani."

Hapo ndipo nilipoanza kusikiliza kwa masikio ya kikazi.

Maana ukiangalia vizuri, kuna milango miwili ya kuingia katika fumbo la Kiswahili. Mlango wa kwanza ni maana. Unasoma kidokezo, unalijua neno, unaliandika. Huu ndio mlango wa Mwalimu, na ni wa heshima, kwa sababu unadai mtu awe na maneno mengi kichwani na ayajue kwa pande zake zote. Chukua neno "kata". Mtunzi anaweza kukupa kidokezo cha eneo la diwani, cha kifuu cha kutekea maji mtungini, cha kitambaa kilichoviringwa kuwekwa kichwani chini ya ndoo, au cha kutumia kisu. Neno ni hilo hilo moja. Au "paa": lipo juu ya nyumba, lipo porini na pembe zake, ndege hufanya hivyo akiondoka, na mpishi humfanyia hivyo samaki mwenye magamba. Mtu wa mjini anayelijua paa la nyumba tu atakaa na miraba mitatu mpaka jioni.

Mlango wa pili ni mifupa ya neno, yaani herufi ulizokwisha kupata kutoka maneno yanayolikata. Huu ni mlango wa Fundi. Na hapa lugha yetu ina tabia zake ambazo wenzetu wa Kiingereza hawana. Karibu kila neno letu huishia na irabu, kwa hiyo mraba wa mwisho una herufi tano tu za kuchagua, na kama kidokezo kinaomba kitenzi cha Kibantu, kuna uwezekano mkubwa kuwa ni a. Kidokezo kikisema "wingi", tazama ngeli: vi, mi, ma au wa itakuandikia mwanzo wa neno hata kama bado hujui ni neno gani. Mwalimu aliyetufundisha ngeli kwa fimbo hakujua kwamba anatufundisha kujaza mafumbo.

Lakini mifupa hiyo hiyo ni mtego. Kwa kuwa maneno yetu yana irabu zilezile mahali palepale, yanafanana umbo kama watoto wa shule kwenye sare. Ukipata irabu peke yake umepata kidogo sana. Tafuta konsonanti, hiyo ndiyo yenye jina na anwani. Kwa sababu hiyo Fundi hukimbilia kwanza neno litakalompa k, r au b mahali anapokwama, hata kama neno lenyewe liko pembeni kabisa. Hakufundishwa na mtu, na mimi naona ni akili ya hali ya juu.

Kamusi je? Wapo wanaojaza huku Kamusi ya Kiswahili Sanifu imefunguliwa magotini. Mimi siwalaumu sana, kwa sababu moja: kamusi imepangwa kwa herufi, haikupangwa kwa maana. Huwezi kutafuta "hulainisha mbao" ndani yake. Lazima kwanza ushuku neno, ndipo kamusi ikuambie kama umeshuku vizuri. Kwa hiyo mtu wa kamusi naye amefikiri. Asiyefikiri ni yule wa simu, anayebonyeza mahali palipoandikwa onyesha jibu kabla hajasoma kidokezo mara mbili. Na kuna lile jambo jingine linaloitwa chemsha bongo siku hizi, unapoulizwa mji mkuu wa Tanzania ni upi kisha ukatakiwa utume ujumbe wa simu wenye kulipiwa ili ushinde zawadi. Huo si mchezo wa maneno. Hapo bongo haichemki, kinachochemka ni salio.

Nirudi Hanga. Hilo la "hulainisha mbao" sikulitoa hewani.

Lilikuwa namba kumi na nne kushuka, herufi tano. Mwalimu alikuwa tayari na a ya pili, n ya tatu na a ya mwisho. Jaribu mwenyewe uone yanavyojaa: panga, tanga, nanga, kanda, ganda, panda, sanda. Yote yanaingia, na hakuna hata moja linalolainisha mbao. Alikaa nalo asubuhi yote. Jioni akalikunja gazeti bila kuandika saa. Kesho yake hakulifungua jipya. Kesho kutwa pia.

Binti yake ndiye aliyeniambia. Alikuwa anatandika kitanda cha baba yake akakuta magazeti chini ya godoro, mengi, kila moja na fumbo lake lililoachwa njiani. Miraba mitatu mitupu hapa, mitano pale. Si kwamba Mwalimu alikuwa ameanza kushindwa siku ile. Alikuwa anashindwa kwa miezi na kuficha. Nilipokwenda kumwona hakunizungusha. "Randa," alisema. "Nimeitumia randa kwa mikono hii. Nimewafundisha ninyi kazi za mikono, mbao za madawati yenu nimezipiga randa mimi. Neno limekuja saa nane ya usiku, nikiwa silihitaji. Kichwa kimeanza kuvuja, mwanangu."

Mimi si daktari, ndugu msikilizaji, na redio si zahanati. Waganga wa magonjwa ya wazee hutofautisha mambo mawili. Kusahau jina la kitu, kisha likakujia baadaye, ni jambo la kawaida umri ukisogea. Kusahau njia ya kwenda nyumbani, au kushika randa usijue inafanya kazi gani, hilo ni la kumpeleka mzee hospitali bila kungoja mavuno. Mwalimu alikuwa kwenye la kwanza. Lakini kwa kuwa alilifanya fumbo kuwa mtihani, kila mraba mtupu ulikuwa alama nyekundu.

Na je, ni kweli kwamba mafumbo hulinda akili ya mzee? Wauzaji wa vitabu vya mafumbo hupenda kusema hivyo. Utafiti uko makini zaidi kuliko wauzaji. Mwaka 2003 jarida la matibabu la New England lilichapa matokeo ya watu 469 wenye zaidi ya miaka 75 waliofuatiliwa katika eneo la Bronx, New York. Waliokuwa wakisoma, wakicheza michezo ya ubao, wakipiga ala za muziki au wakicheza dansi, ndio walioonekana kupatwa kwa uchache na ugonjwa wa kupoteza akili. Fumbo la maneno halikung'ara katika orodha ile. (Kwa hiyo mzee wetu anayecheza lizombe kwenye sherehe asikatazwe na wajukuu wenye aibu.) Kisha mwaka 2022 ukatoka utafiti mwingine wa vyuo vikuu vya Columbia na Duke. Watu 107 walioanza kusahausahau waligawanywa makundi mawili kwa majuma 78, kundi moja likijaza mafumbo ya maneno, jingine likicheza michezo ya kompyuta iliyotengenezwa makusudi kunoa ubongo. Waliojaza mafumbo walifanya vizuri zaidi, ingawa si kwa mbali. Wala haikusemwa kwamba mafumbo ni dawa.

Ninachokipata mimi hapo ni kidogo, lakini kinatosha: fumbo huenda likamsaidia mzee, na haliwezi kumsaidia mzee aliyeliacha. Kwa hiyo swali la namna ya kujaza si la mchezo tena. Njia itakayomfanya Mwalimu akunje gazeti na kulisukuma chini ya godoro ni njia mbaya hata kama ina heshima.

Sasa tazama wazee wetu walivyolitengeneza jambo hili kabla ya gazeti kufika. Kitendawili! Tega! Nyumba yangu haina mlango. Ukijua, unasema yai, zamu inahama. Usipojua, hakuna anayekucheka ukalala na njaa ya jibu. Unaambiwa: umeshindwa, nipe mji. Unatoa mji. Unampa Tanga, au Kigoma, au Mbamba Bay. Mtegaji anaupokea, anasimulia alivyokwenda huko akapokewa na alivyokula na kunywa, watu wote wanacheka, kisha anatoa jibu. Umeshindwa kwa utaratibu. Kushindwa kuna bei, bei inajulikana, na umeilipa mbele za watu kwa kitu ambacho si chako. Kesho unatega wewe.

Hata mchezo wa kinyume ulikuwa wa watu wawili au zaidi. Askofu Edward Steere aliukuta Unguja na akatoa mfano wake katika maandishi yake. Unachukua silabi ya mwisho ya neno unaileta mbele: nyumba inakuwa mbanyu, na asiyejua mchezo anabaki amesimama katikati yenu kama mgeni. Hakuna mtu anayesema kinyume peke yake chini ya mwembe.

Nalo lile fumbo maarufu la simu, Wordle, lililotengenezwa na Josh Wardle na kufunguliwa kwa watu wote Oktoba 2021, halikupendwa kwa ugumu wake. Ni neno moja la Kiingereza la herufi tano, nafasi sita za kukisia, basi. Lilipendwa kwa sababu siku hiyo dunia nzima ina neno moja, na unaweza kumwonyesha rafiki yako umehangaika kiasi gani kwa vimraba vya rangi bila kumtolea jibu. Walijenga baraza ndani ya simu. Januari 2022 gazeti la New York Times, lile lililosema dhambi, likalinunua.

Mimi sikumwambia Mwalimu haya yote. Mtu wa miaka arobaini na kitu hamfundishi aliyemfundisha. Aliyefanya jambo ni Fundi. Siku ya nne gazeti lilipokuwa halijaazimwa, alifunga cherehani mapema, akaja chini ya mwembe na karatasi yake ya kaki. Akasalimia, akakaa kwenye jiwe, akasema: "Mwalimu, namba saba kushuka imenishinda kabisa. Wateja wote wameshindwa. Chukua Songea, nipe jibu."

Mwalimu alimtazama muda mrefu. Nadhani alijua anachofanyiwa. Akavaa miwani, akasoma kidokezo. Kilikuwa juu ya mtu anayeongoza chombo baharini. Akasema, "Nahodha. Herufi saba. Wewe Fundi umeandika nahoza, ndiyo maana huku kulia hakuendi." Kisha akaipokea Songea kwa maneno, kama inavyotakiwa: alivyofika stendi, alivyopokewa, alivyokula ugali na samaki wa Ziwa Nyasa mpaka akalala. Fundi alicheka mpaka akashika mbavu. Walipofika namba ya tatu kutoka mwisho, Mwalimu akakwama. Kimya. Akagonga kalamu kwenye goti. Halafu akasema polepole, kama mtu anayetoa hela ya mfukoni: "Haya. Chukua Njombe."

Wana daftari sasa. Nimeliona kwa macho yangu. Ni daftari la shule, ukurasa wa Mwalimu kushoto, wa Fundi kulia. Mpaka ninaondoka Mwalimu alikuwa na Songea, Tunduru, Masasi na Lindi. Fundi alikuwa na Njombe, Mbinga, Makambako, Iringa, Morogoro na Mbeya, na alikuwa anaitazama Dodoma. Mwalimu bado ana masharti: mtu hutoa mji baada ya kulala na kidokezo usiku mmoja, si kabla, na kamusi hufunguliwa na wote wawili pamoja au haifunguliwi. Naona hayo ni masharti mazuri. Kalamu ya wino hakuiacha. Saa haandiki tena.

Bado anasahau. Juzi kwenye simu alinitafutia jina la mwalimu mwenzake kwa dakika nzima, halikuja, tukaendelea na mengine.

Kabla sijaaga, na mimi natega. Ni neno la herufi nne, nalo nimelitunga nikiwa kwenye basi la kurudi. Ukilisoma lilivyo ni kazi wanayoifanya watu wa Hanga mvua zikianza. Ukilisoma kwa kinyume, kwa ile namna ya silabi ya mwisho kuja mbele, ni kile wanachokitafuta kwa kazi hiyo, na ambacho si kila mwaka hukipata. Lala nalo usiku mmoja. Jibu nitalitoa juma lijalo saa kama hii, na ukishindwa andika barua unipe mji, ila Songea usinipe, ina mwenyewe.